Mzee akikwambia "you don't half work hard" hajakutukana

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Tanga anayefanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee kaskazini mwa Uingereza. Nalifupisha: "Mwalimu shikamoo. Nina mwaka na nusu huku, Kiingereza nimesoma mpaka kidato cha sita na nilifaulu vizuri tu, ila hawa wazee wananichanganya. Babu mmoja wa miaka 91 kaniambia 'you don't half work hard', nikakaa na kinyongo wiki nzima nikijua ananiona nafanya kazi nusunusu. Mwingine kila kitu kwake ni 'bloody', chai bloody, mvua bloody, na mimi mwenyewe 'bloody marvellous'. Bibi mmoja kasema anaweza 'murder a cup of tea'. Haya maneno yametoka wapi, ni matusi au nini, na mimi niyatumie au niachane nayo?"

Marahaba mdogo wangu. Nimecheka halafu nikakuonea huruma, maana hiyo wiki ya kinyongo naijua, yangu nitakusimulia huko mbele. Kwanza tumalize la huyo babu maana naona ndo limekukaa rohoni: kakusifia, tena kakusifia sana. Kwa mtaani kwetu angesema "we dada unapiga kazi si kidogo". Na hiyo "si kidogo" ndo ufunguo wenyewe, we hujawahi kusema "jana nimechoka si kidogo"? Kuna mtu alikuuliza kwahiyo hukuchoka? Hamna. Basi na wao "not half" maana yake sio nusu, ni nzima na nyingine imemwagika pembeni. "It isn't half cold", baridi si mchezo. "He doesn't half talk", yani huyo anaongea mpaka redio inaomba likizo. Na ukimuuliza mtu anataka keki akakujibu "Not half!" tupu, usiirudishe jikoni, hapo kasema tena sana, lete. Mtego uko sehemu moja tu, ikifuatiwa na "as": "The soup isn't half as good as yesterday's" hapo nusu ni nusu kweli, supu ya leo haifikii hata nusu ya utamu wa jana, kwahiyo hako ka "as" kasikupite.

Shuleni hukufundishwa hayo na sio kosa lako. Sisi tulifundishwa chumvi ya vitabuni, mvua ikinyesha sana basi "it is raining cats and dogs", na mwalimu alisisitiza tuichomeke kwenye insha tupate maksi. Sasa mwandishi Jonathan Swift aliichapisha hiyo mwaka 1738 kwenye kitabu cha kuwakejeli watu wa tabaka la juu kwa maongezi yao yaliyochakaa, yani miaka karibu 300 iliyopita ilishakuwa ya kuchekwa, na sisi tunaipeleka kwenye mtihani. Hebu niambie, mwaka na nusu huo wote na mvua zote hizo za huko umemsikia mzee hata mmoja akiisema?

Wanachosema wazee wako ni kingine, na kikubwa cha kukamata ni kwamba maneno mengi ya kutilia mkazo yalianza kama maneno ya hofu. "Awful" imetokana na "awe", ile hofu ya mtu aliyesimama mbele ya kitu kikubwa kuliko yeye, mbele ya Mungu kabisa. Leo bibi anakwambia "that's awfully kind of you" kwa sababu umemletea miwani. "Terribly sorry", "frightfully clever", "dreadfully tired", zote asili yake ni vitisho na leo zote ni "sana" tu. Usishangae kwa sababu kwetu ni hivyohivyo, bi harusi kapendeza vibaya mno, yule dogo anaimba balaa, pilau la kufa mtu, ile gari ni noma, ile ni hatari. Kuna siku mjukuu wa mtu huko atajifunza Kiswahili aulize kwa nini bi harusi aliitwa hatari na hamna aliyepiga simu polisi. Neno la hofu linatumika linatumika mpaka linapauka kama kanga iliyofuliwa sana, likishapauka watu wanatafuta jipya, na wazee wako wamebaki na zile kanga za ujana wao.

"Jolly" nayo ipo humohumo ingawa yenyewe ilianzia kwenye furaha. "Jolly good" ni nzuri sana, lakini "I jolly well won't" furaha haipo kabisa, hapo kasema sifanyi ng'o. Ukisikia hiyo wakati wa dawa za jioni jiandae.

Na huyo bibi wa "I could murder a cup of tea" usimwogope, chai tu ana hamu nayo, yani kiu imemshika mpaka angeiua. Ukisikia "I'm starving" hajashinda njaa, kapitiliza saa ya chakula kidogo tu. "I could eat a horse" hivyohivyo. "I'm bored stiff" kachoka na televisheni. "I'm chuffed to bits" kafurahi mpaka kapasuka vipande, hiyo "chuffed" ilienezwa na wanajeshi na wazee wa kiume wanaipenda. Ila "I'm dying for a wee" hiyo kimbia, sema ukikimbia kimbilia choo, usikimbilie daktari.

Sasa kuna kundi ambalo mimi binafsi ndo nalipenda kuliko yote, la kumtaja Mungu bila kumtaja. Kwa Kiingereza cha zamani watu waliapa kwa mwili wa Yesu kabisa, kwa damu yake, kwa majeraha yake, kwa misumari ya msalaba, na kanisa halikupenda, basi ulimi ukajifunza kukwepa, majeraha ya Mungu yakawa "zounds", misumari ikawa "gadzooks". Mwaka 1606 bunge likapitisha sheria kwamba mwigizaji atakayelitaja jina la Mungu kwa dhihaka jukwaani anapigwa faini ya pauni 10, na pauni 10 enzi hizo sio hela ya kuchezea, kwahiyo kukwepa kukazidi kunoga. "By Jove!" wanamwapia Jupiter, mungu wa Warumi ambaye hana padri wa kumlalamikia. "Crikey" ni Kristo kavaa baibui. "Strewth" ni "God's truth", haki ya Mungu. "Blimey" ni "God blind me", Mungu anipofue, ile unayoijua ya nife papa hapa kama naongopa, na "cor" ya "cor blimey" ni God huyohuyo kalegezwa.

We unaona ajabu? Nyumbani mtu anasema "haki ya nani vile", sasa huyo nani ni nani kama sio Mungu mwenyewe kafichwa? Mtu anaogopa kuapa bure na wakati huohuo anataka uzito wa kiapo, kwahiyo anachukua uzito anaacha jina. Waingereza ndo walichofanya, tofauti ni kwamba wao wamefanya kwa njia hamsini.

Na mojawapo inafika mpaka kwetu, sikiliza. Mzee akiangusha kikombe akapiga kelele "Gordon Bennett!" usitafute mkaazi mwenye hilo jina. Ulimi ulikuwa unaelekea "Gorblimey", ukafika "Gor..." ukapinda kona. Na Gordon Bennett aliyepewa hiyo heshima, kwa maelezo yanayokubalika zaidi, ni James Gordon Bennett mdogo, tajiri wa Kimarekani mwenye gazeti la New York Herald, mtu wa vituko na matumizi ya kutisha, ambaye jina lake lilizoeleka sana Ulaya kwa sababu ya makombe yake ya mashindano ya magari na maputo mwanzoni mwa miaka ya 1900. Huyohuyo ndo alimtuma Stanley kumtafuta Livingstone! Stanley akashuka Zanzibar, akavuka Bagamoyo, akatembea na wapagazi wake mpaka Ujiji mwaka 1871, na gharama zote juu ya Bwana Bennett. Kwahiyo babu akilaani kikombe kilichovunjika, bila kujua anamtaja mfadhili wa safari iliyoanzia kwetu pwani. Na ile salamu ya "Dr Livingstone, I presume?" mtu katembea miezi kwa miezi, kaugua, kapoteza watu, halafu anamwona mzungu pekee mji mzima anasema nadhani wewe ni Daktari Livingstone, hiyo nayo wenyewe Waingereza waliigeuza utani muda mrefu. Kama aliisema kweli ni jambo lingine, kurasa za siku hiyo kwenye daftari lake zimechanwa.

Tuje kwenye "bloody" maana hapo ndo uliponiuliza kama ni tusi. Jibu: ilikuwa, na kidogo bado, inategemea na ulimi. Utasikia watu wanasema imetokana na "by our Lady", yani Bikira Maria, tamu kuisimulia ila wanaochunguza historia ya maneno hawaikubali. Mwaka 1711 Swift huyohuyo aliandika kwenye barua kwa rafiki zake wa kike kwamba siku hiyo kulikuwa "bloody hot", na Swift alikuwa padri wa Kianglikana, kwahiyo wakati ule haikuwa mbaya hata. Baadaye ikashuka, ikawa ya vilabuni na bandarini, mpaka karne ya 19 magazeti yanaandika herufi ya kwanza na ya mwisho katikati vistari. Mwaka 1887 Gilbert na Sullivan walitoa mchezo wa kuimba unaitwa "Ruddygore", watu wakanuna kwamba "ruddy" ni "bloody" imebadilisha shati, maana yote nyekundu, ikabidi siku chache baadaye tahajia ibadilishwe kuwa "Ruddigore" kana kwamba hiyo i imesafisha kitu. Halafu Aprili 1914 London, kwenye "Pygmalion" ya Bernard Shaw, msichana muuza maua aliyefundishwa Kiingereza cha kitajiri anaulizwa kama atatembea kwa miguu kupita bustanini, anajibu "Not bloody likely!" na ukumbi ukaangua kicheko kirefu mpaka mchezo ukasimama. Magazeti yakawaka. Watu wakaanza kusema "not Pygmalion likely" kwa utani, tafsida imezaa tafsida.

Leo imepoa sana lakini haijafa. Mwaka 2006 Australia walitoa tangazo la utalii lenye "where the bloody hell are you?" na Uingereza wakalizuia kwanza kwenye televisheni kabla ya kuliruhusu. Kwahiyo kipimo changu ni hiki, angalia inachokaa nacho. "Bloody marvellous" juu yako ni sifa nzito. "Bloody rain" ni mvua tu imemuudhi. "Bloody fool" akikutazama usoni, hapo katukana na una haki ya kununa. Na wale wastaarabu zaidi wanaosema "blooming", "blinking", ni neno lilelile limevaa kanzu. Wengine wanalipachika katikati ya neno kabisa, "abso-bloody-lutely", hiyo sina Kiswahili chake, sisi neno letu ukilikata katikati linakufa.

Kuna chumvi za wanyama. "I haven't seen him for donkey's years", miaka ya punda, yani tangu enzi za mkoloni. Punda hana miaka mingi kiasi hicho, ana masikio marefu, "ears" na "years" zimegongana mdomoni utani ukazaliwa. Na baridi ya Januari utasikia "it's brass monkeys out there", tumbili wa shaba. Kirefu chake ni baridi ya kukata korodani za tumbili wa shaba kwahiyo wanaikatisha mbele ya wanawake. Atatokea mtu akwambie tumbili ni sahani ya shaba melini iliyopangiwa mipira ya mizinga na baridi ikiisinyaza mipira inaporomoka. Usimwamini. Mipira ilipangwa kwenye mbao, na misemo ya zamani ilikuwa inamkata huyo tumbili mkia au pua, hata kwa joto, mwandishi wa Kimarekani Herman Melville mwaka 1847 anaandika joto la kuyeyusha pua ya tumbili wa shaba. Walikuwa na sanamu wanalitesa tu kwa maneno. "Umpteen times", mara nyingi zisizohesabika, ni ya watu wa telegrafu ambao kistari cha Morse walikiita "umpty". Na "not on your nelly" ni sitaki katakata, mzunguko wake ni wa wahuni wa London, "puff" ni pumzi yaani uhai, "puff" ikatafutiwa kina "Nellie Duff", Duff akaachwa njiani akabaki Nelly. Usiumize kichwa nayo, we jua tu kwamba ukiisikia hiyo, uji haunyweki.

Ila mdogo wangu mpaka hapa nimekueleza yasiyo na madhara. Mtu akitia chumvi hamna anayekufa. Kitakachokuponza kwenye kazi hiyo ni pale mzee anapopunguza, na wazee wa Kiingereza wa rika hilo wanapunguza kuliko wanavyozidisha.

Yangu ilikuwa hivi. Nikiwa nasoma huko msimamizi wangu aliandika juu ya tafsiri yangu "quite good". Nikapiga simu nyumbani, mama akashukuru Mungu, maana nilifundishwa "quite" ni kabisa. Maksi zilipotoka nikaona aibu yangu. Kwa Mwingereza "quite good" ni si haba, inapita kwa kusukumwa. Lakini "quite impossible" ni haiwezekani kabisa, kwa sababu haiwezekani haina ngazi, ama ipo ama haipo, na neno likiwa halina ngazi "quite" inarudi kuwa kabisa. Ilinichukua mwaka kuizoea hiyo.

Na mimi ilikuwa maksi tu. Vita vya Korea, Aprili 1951, mto Imjin, askari wa kikosi cha Gloucestershire wamezingirwa na Wachina wengi kuliko wao mara nyingi. Inasimuliwa kwamba brigedia wao Tom Brodie alipoulizwa hali na jenerali wa Kimarekani alisema "a bit sticky, sir", yani inanata kidogo. Kwa Kiingereza chake yeye alikuwa amepiga yowe. Mmarekani akasikia kidogo kuwa ni kidogo, amri ya kurudi nyuma haikuja mapema, na mwisho wake zaidi ya askari 500 wa kile kikosi walitekwa.

Sasa badilisha Imjin weka chumba namba fulani saa nane usiku. Babu anakwambia "I've got a bit of bother with my chest". "A bit of a twinge". "I'm a bit under the weather", yani hajisikii vizuri kidogo. "Mustn't grumble", hiyo ni sipaswi kulalamika, maana yake anacho cha kulalamikia. Na "poorly" ambayo kamusi inakupa kama kuugua kidogo, nesi akikwambia "she's very poorly" mtu wake anaweza akaitwa usiku huohuo. Rika hilo limelelewa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na baada yake, kulia ovyo ilikuwa aibu, kwahiyo maumivu wanayasema kwa kijiko cha chai. Na wewe unaijua tabia hii vizuri tu, nyumbani tunaulizana habari za huko, nzuri, za siku nyingi, salama, watoto hawajambo, hawajambo, halafu ndo unasikia ila mama tumemzika juzi. Ile "nzuri" haikuwa uongo, ilikuwa adabu. "A bit" yao ni adabu ya namna hiyo, tofauti sisi tunaimalizia na "ila" na wao wanaishia hapohapo, ile "ila" inabidi uitafute mwenyewe. Kwahiyo ukisikia "a bit" ikitajwa pamoja na kifua, kichwa au tumbo usiridhike, muulize namba, moja mpaka kumi, angalia sahani kama kala, angalia mkono umeshika wapi, andika maneno yake kama alivyosema na namba yake pembeni, halafu mwite nesi.

Kuhusu kuyatumia mwenyewe: "awfully kind", "terribly sorry", "chuffed to bits", hizo tumia bila wasiwasi, wazee wanazipenda. "Spiffing", "ripping", "topping", "top-hole", hizo zilikuwa za vijana wa shule za kitajiri miaka mia na zaidi iliyopita, ukizisema leo watu watadhani unaigiza, sema kama unataka kuwachekesha makusudi zinafaa sana, msichana wa Tanga akisema "I say, spiffing!" nyumba nzima itakuwa hoi. "Bloody" iache kwao, hasa mbele ya meneja na ndugu wa mkaazi, hata kama wao wanaisema kila dakika, maana ikitoka kwa mgeni inasikika nzito kuliko ikitoka kwa mwenyeji. "Cor" na "blimey" sawa tu, ila kama nyumba ina watu wa dini sana pima upepo.

Na huyo babu wa 91 ambaye umemnunia wiki nzima bila yeye kujua, kesho akikwambia tena "you don't half work hard", mjibu "and you don't half talk!" huku unacheka. Ila mwondolee kikombe mkononi kwanza.